Kiuno kinanitesa, na mdogo wangu anataka nilipie programu ya simu. Itanisaidia?

SWALI

Dada mshauri, habari za majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Morogoro mjini na kazi yangu ni ushonaji. Nina kibanda changu jirani na soko. Nashona vitenge na nguo za harusi, lakini pesa yenyewe ipo kwenye sare za shule. Ikifika Desemba na Januari nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka usiku.

Kiuno kilianza kunisumbua baada ya kujifungua huyu wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la tatu. Mwanzoni kilikuwa kinakuja na kuondoka, siku hizi ni karibu kila siku. Nikikaa muda mrefu kinakaza, nikiinuka inabidi nishike meza kwanza ndipo ninyooke. Kuna siku maumivu yanashuka hadi kwenye tako la kulia na nyuma ya paja. Januari iliyopita nililala ndani kabisa, wateja wanapiga simu wanadai sare za watoto wao, mimi sina la kuwajibu.

Nimehangaika sana. Nilikoenda mwanzo walinichoma sindano na kunipa vidonge vya diklofenaki, nikapata nafuu, vilipoisha maumivu yakarudi palepale. Sasa hivi navinunua mwenyewe duka la dawa kila kazi ikizidi. Baadaye nikapigwa eksirei, na aliyenisomea picha akaniambia pingili zimesagika, kwa hiyo nisiiname wala nisibebe kitu kizito. Tangu siku hiyo naishi kwa woga. Nilinunua mkanda wa mgongo, nauvaa kutwa. Kufua nimeacha, ndoo ya maji anabeba binti yangu, hata kitambaa kikidondoka chini namwita mtu aniokotee.

Mdogo wangu wa kiume yuko Ujerumani, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Naye aliumwa kiuno, daktari akamwandikia programu ya kwenye simu kama vile anavyomwandikia dawa, bima ikalipa. Anasema kila siku inampa mazoezi ya dakika chache na somo fupi kuhusu maumivu, na sasa anaendelea vizuri. Ya kwake ni ya Kijerumani, basi akanitafutia nyingine ya Kiingereza anayosema inafanana nayo. Nikaijaribu kile kipindi cha bure. Siku ya kwanza nilifanya mazoezi yote, nikasikia mwili mwepesi, jioni nikayarudia. Kesho yake kuinuka kitandani ilikuwa kazi. Nikaogopa, nikaiacha.

Sasa inataka ilipiwe ya mwaka mzima, kwa dola. Mdogo wangu yuko tayari kulipa, anasubiri neno langu tu. Mume wangu anasema simu itamnyooshaje mtu mgongo, hao ni matapeli wa mtandaoni, na pesa hiyo bora itumwe tuongezee kwenye cherehani ya umeme.

Dada, nisaidie. Programu hizi ni za kweli? Mbona mazoezi yaliniongezea maumivu? Na mtu ambaye pingili zimesagika anaruhusiwa kweli kufanya mazoezi?

Mama Cherehani, Morogoro

JIBU

Mama Cherehani, pole sana dada yangu. Katika barua yako kilichonigusa zaidi ni hicho kitambaa kinachodondoka na wewe unamwita mtu akuokotee. Nitafika huko. Ila kabla ya simu, mdogo wako na mume wako, kuna jambo la kutangulia, na naomba ulijibu kwa ukweli ukiwa peke yako.

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa wa hatari. Machache yanatokana nao, na hayo hakuna programu inayoyaweza. Je, umewahi kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo kugoma kutoka wakati umebanwa? Una ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja kwa juu? Mguu unakosa nguvu kiasi kwamba ndala inavuka bila wewe kujua? Ukipata hata moja kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku, kwa sababu mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo inaweza kuwa imebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. Kuna na dalili zinazokuja polepole: homa za jioni, jasho jingi usiku, kukonda bila sababu, maumivu yasiyopungua kwa mkao wowote hata ukilala. Kifua kikuu hushika pingili za mgongo pia, siyo mapafu peke yake. Bruselosi, ugonjwa unaopatikana kwenye maziwa mabichi na kwa mifugo, nayo huleta maumivu ya mgongo pamoja na homa inayokuja na kuondoka, na mkoani kwenu wafugaji ni wengi. Aliyewahi kuugua saratani, anayeishi na VVU, aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu au aliyeanguka vibaya, naye aanze kwa daktari.

Katika ulichoandika sijaona hata dalili moja ya hizo. Maumivu yanayoshuka takoni na nyuma ya paja, bila ganzi wala mguu kulegea, tunayaona kwa watu wengi wenye kiuno sugu. Lakini mimi sijakupima, ndiyo maana nimeuliza. Na hapo umeshapata kipimo cha kwanza cha kujua programu nzuri: nzuri hukuuliza maswali haya kabla ya kukuonyesha zoezi lolote, na ukijibu ndiyo, inakusimamisha na kukuelekeza kwa daktari. Hiyo uliyoijaribu ilikuuliza? Kama ilikuingiza moja kwa moja kwenye mazoezi na kisha kwenye malipo, ninaanza kuitilia shaka.

Sasa tuzungumzie eksirei. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti mbalimbali zilizopiga picha za CT na MRI kwa watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Kwa wenye umri wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 tayari diski zao, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilionyesha kuchakaa. Kwenye miaka 40 walikuwa 68 katika 100. Kwenye miaka 80 walifika 96. Rudia kusoma hapo: hawa ni watu wasioumwa. Kwa umri wako, picha isiyo na chochote ndiyo ingekuwa ya nadra. Aliyekusomea hakukudanganya kuhusu alichokiona, lakini alichokiona hakielezi kwa nini unaumwa, na hakikupi sababu ya kuacha kuinama. Hakuna mfupa wako unaogeuka unga. Pingili zako zimebanana kidogo au zimechakaa kidogo kama za wanawake wengi wa rika lako, wakiwemo wanaolima na kutwanga bila shida yoyote.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni ndiyo, unaruhusiwa kufanya mazoezi. Nitaongeza kwamba unayahitaji. Mgongo ulioacha kuinama, kubeba na kujipinda unazidi kuwa dhaifu na mkavu, na kila jambo dogo linakuwa kubwa kwake. Hiyo ndiyo sehemu ya maumivu yako ambayo eksirei haionyeshi. Maumivu yakikaa miezi na miaka, mishipa ya fahamu na ubongo huzidi kuwa wepesi kuyatoa, mithili ya mbwa wa mlinzi aliyeibiwa mara moja, sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Maumivu ni ya kweli kabisa, huyaigizi. Lakini kiasi cha maumivu hakikuambii kiasi cha madhara. Usingizi mbovu, msongo wa madeni ya sare na huo woga wa kuinama vyote vinaongeza sauti ya maumivu. Katika kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, nimeona wanawake waliopata unafuu mkubwa siku walipogundua kwamba wanaweza kuinama na kisitokee kitu.

Ndiyo maana kesho yake kulikuwa kugumu. Ulifanya mazoezi yote asubuhi ukayarudia jioni, kwa mwili ambao kwa muda mrefu haukuwa unaokota hata kitambaa. Mtu yeyote angeumwa, hata mwenye mgongo mzima. Hukuumia, ulizidisha. Na ukiangalia vizuri, ndivyo unavyofanya na kazi pia: siku ukijisikia vizuri unashona mpaka usiku, kesho unalala, ukipata nafuu unafidia tena. Januari ni hiyohiyo kwa ukubwa wake. Mchezo huu wa kuzidisha na kuzimika ndio unaowarudisha nyuma wengi wenye maumivu sugu, na programu yoyote inayofaa huanza kwa kuuvunja.

Mazoezi yaanzie chini ya uwezo wako. Kama unaweza kurudia zoezi mara kumi kabla kiuno hakijalalamika, anza na tano, na zibaki tano wiki nzima, siku nzuri na siku mbaya. Wiki inayofuata ongeza moja au mbili. Maumivu yakipanda kidogo na kurudi kawaida ndani ya siku moja au mbili, uko salama, endelea. Yakikaa zaidi ya hapo, punguza nusu, lakini usiache kabisa. Mguu ukianza kufa ganzi au kulegea, simama na uende kwa mtaalamu.

Nije kwa simu sasa. Mdogo wako hakutapeliwa. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2019 inayomruhusu daktari kumwandikia mgonjwa programu ya afya ya kidijitali na bima ya umma kuilipia, na orodha ya kwanza ya programu hizo ikaanza kutumika 2020. Taasisi ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba ndiyo inayoamua ipi iingie kwenye orodha, na isiyothibitisha kwamba inawanufaisha wagonjwa huondolewa. Za maumivu ya mgongo zimo. Ila angalia: kilichomlinda mdogo wako ni hiyo orodha na daktari aliyemwandikia. Programu aliyokutafutia wewe kwenye duka la aplikesheni haijapita huko kwa sababu tu inafanana na ya kwake. Kufanana kwa picha na mazoezi hakumaanishi imepimwa.

Na zilizopimwa zinasaidia kiasi gani? Nitakueleza mfano mmoja kwa kirefu kidogo kwa sababu unafundisha. Kuna programu iitwayo selfBACK iliyotengenezwa kwa fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya, ikajaribiwa Denmark na Norway kwa watu 461 wenye maumivu ya kiuno, matokeo yakatoka 2021. Mtu alipewa mkanda wa mkononi unaohesabu hatua. Kila wiki programu ilimuuliza anaendeleaje, kisha ikampangia wiki mpya: atembee hatua ngapi, afanye mazoezi gani ya nguvu na ya kunyoosha, na kila siku asome ujumbe mfupi kuhusu maumivu. Mpango wa mtu mmoja haukuwa sawa na wa mwingine, ulibadilika kufuatana na majibu yake. Na wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida, programu ikawa nyongeza juu yake.

Baada ya miezi mitatu, waliopewa programu walikuwa wanamudu shughuli zao vizuri zaidi kuliko wasiopewa, lakini tofauti ya wastani haikufika hata alama moja kwenye kipimo cha alama 24. Ukihesabu kwa njia nyingine, waliopata unafuu wa maana, yaani wa alama nne au zaidi, walikuwa 52 katika kila 100 kwa waliokuwa na programu, na 39 katika kila 100 kwa wasiokuwa nayo. Kwa hiyo wapo wanaosaidika kweli, wapo ambao haiwafanyii kitu, na wapo wanaopata nafuu bila hata kuwa nayo. Uingereza nao walijaribu mpango wa intaneti wa kujisimamia kiuno kwa watu zaidi ya 800, wengine wakiongezewa simu kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, matokeo yakatoka 2024, na tofauti ya wastani ikawa ndogo mno. Sikuambii haya ili kukukatisha tamaa. Nataka ujue unanunua nini. Atakayekuambia programu yake inaponya kiuno ndani ya wiki anakudanganya, na mume wako ana haki ya kumwita tapeli.

Faida yake iko wapi basi? Iko kwenye kukumbusha, kukupimia dozi na kukuelewesha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023, na yaliyomo ni mambo ya kawaida sana: elimu ya kujitunza, mazoezi, tiba ya kisaikolojia kwa anayeihitaji, tiba za mikono kama kukandwa, na dawa za kupunguza uvimbe kwa uangalifu. Programu nzuri ya simu inabeba yale mawili ya kwanza na kugusa la tatu. Haikupimi, haikukandi, na haioni kwamba umejipinda unapofanya zoezi.

Mwongozo huohuo hauungi mkono mikanda ya mgongo kama tiba. Usiutupe wako leo kwa hasira. Anza kuuvua nyumbani jioni, kisha asubuhi ukiwa kibandani, polepole mpaka usahau ulipo. Kuvuta mgongo kwa mashine nako hakupendekezwi, wala dawa kali za jamii ya afyuni kama tramadoli.

Kuhusu diklofenaki nina wasiwasi na wewe. Inaweza kutumika, kwa kiasi kidogo na siku chache. Wewe unaitumia kwa mazoea, kila kazi ikizidi, bila mtu kukuangalia. Dawa hii inaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kuchosha figo, kupandisha presha na kuuelemea moyo, na vyote hivyo vinaweza kwenda kimyakimya. Wiki hii pima presha. Mwambie daktari ukweli unameza mara ngapi, na usichanganye na ibuprofeni hata kama jirani amekuambia zinaenda pamoja. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa na ukimbie hospitali.

Turudi kibandani kwako, kwa sababu hapo ndipo utakapopona au kukwama. Hakuna mkao mmoja sahihi wa kushona. Kibaya ni kukaa mkao uleule kwa saa nyingi. Unayo saa nzuri kuliko ya simu: uzi wa bobini. Kila bobini inapoisha, usiijaze ukiwa umekaa. Simama, ipandishe mikono juu, pinda nyuma kidogo mara tano, zunguka meza, ndipo uijaze. Kwenye sare za shule bobini zinaisha mara nyingi, nadhani wewe unajua kuliko mimi. Usikate nguo zote siku moja na kushona siku nyingine. Changanya, kata mbili ukiwa umesimama, kaa uzishone, simama upige pasi. Na kitambaa kikidondoka, kiokote mwenyewe. Anza kwa kukunja magoti na kushika meza kama una hofu, baadaye inama tu kama mtu yeyote. Ndoo nayo irudi kwa hatua, anza na ya lita tano. Binti yako akusaidie kama mtoto anavyomsaidia mama, asiwe ameshika nafasi yako.

Cherehani ya umeme ni uamuzi wa biashara na kwa biashara mume wako huenda yuko sahihi. Kwa kiuno, mimi sioni kama ndiyo tiba. Ukiacha kukanyaga pedali utazidi kukaa tuli, na bobini itakuwa ndiyo kitu pekee cha kukuinua.

Kitu kingine cha bure ni kutembea. Australia walifuatilia watu 701 waliokuwa wametoka tu kupata nafuu ya kiuno. Wengine walipewa mpango wa kutembea wakishirikiana na mtaalamu, wakiongeza polepole kuelekea nusu saa, mara tano kwa wiki. Wengine hawakupewa kitu. Matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha kwamba waliotembea walikaa kwa kawaida siku 208 kabla kiuno hakijarudi, na wasiotembea siku 112. Simu yako inaweza kuhesabu hatua bila kulipiwa na bila bando. Kama kutoka nyumbani hadi sokoni unapanda bodaboda, shuka njiani mapema kidogo, umalizie kwa miguu.

Sasa hukumu yangu kuhusu malipo. Usilipie mwaka. Wengi huacha programu hizi wiki za mwanzo, na wewe tayari uliiacha mara moja. Mwambie mdogo wako, kama programu inakubali malipo ya mwezi mmoja, alipe mwezi mmoja, na pesa inayobaki aitume ikulipie kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo hicho, na kama una bima ya afya uliza kwanza inagharamia nini. Nenda na simu yako. Mwonyeshe mazoezi yenyewe, mwombe akutazame ukiyafanya, akuchagulie manne au matano yanayokufaa na akuambie uanze na mangapi. Mengine yaache. Kiingereza kisikuumize kichwa: zoezi ukishalifanya mbele yake, video ni ya kukukumbusha tu. Zile unazozihitaji zipakue mahali penye waifai, zisile bando lako.

Kabla ya kulipa chochote, mambo machache ya kukagua. Programu ieleze wazi imetengenezwa na wataalamu gani, siyo picha za watu wenye makoti meupe tu. Isiuze mkanda, mafuta wala virutubisho ndani yake. Ikiomba kuona namba za watu kwenye simu yako, kataa, haihitaji hizo kukufundisha kunyoosha mgongo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayokupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, lakini kampuni iliyoko mbali ni ngumu kuibana, kwa hiyo ipe kidogo iwezekanavyo. Na kuondoa aplikesheni kwenye simu hakusimamishi malipo. Kama kadi ya mdogo wako iliwekwa wakati wa kipindi cha bure, aingie kwenye akaunti asitishe usajili leo, asije akakatwa mwaka mzima wakati nyie bado mnajadili.

Usijipime kila asubuhi kwa kuuliza leo panauma kiasi gani. Swali hilo linaamsha maumivu. Chukua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, andika kila Jumapili vitu vitatu: ulishona muda gani bila kulala chini, ulilala usingizi wa namna gani, na ulibeba au kuinamia nini ambacho wiki iliyopita hukuthubutu. Baada ya miezi mitatu fungua ukurasa huo pamoja na mume wako. Kama kuna kilichosogea na programu imechangia, lipieni mwezi mwingine. Kama hakuna kilichosogea, rudi kwa mtaalamu mtazame upya, na usijilaumu.

Mume wako naye anahitaji kusikia haya, hasa habari ya picha za watu wasioumwa, kwa sababu nadhani naye anakuogopea. Msomee barua hii. Mwombe kitu kimoja tu: asikuambie "acha utaumia" kila akikuona umeinama.

Na kwa mdogo wako, swali moja. Anayafanya bado mazoezi, au aliacha alipopata nafuu? Wengi huacha, na kiuno hurudi. Pangeni siku moja ya wiki mpigiane simu ya video, kila mtu na mkeka wake, yeye huko na wewe Morogoro, mfanye hayo mazoezi manne au matano pamoja. Hilo halilipiwi, na ndilo litakalokuzuia kuacha.